Fundi Aliyepima Oili kwa Sala

Nina duka la oili na vipuri karibu na stendi ya Ifakara, na wateja wangu nawajua kwa maswali yao. Vijana wa bodaboda huuliza ipi ni ya bei nafuu. Wenye matrekta huuliza jirani yao alichukua ipi. Wenye mashine za kukoboa mpunga hawaulizi kitu, wananyoosha kidole kwenye oili namba arobaini, hiyohiyo waliyotumia baba zao. Katika miaka yote niliyokaa nyuma ya kaunta hii ni mtu mmoja tu aliyeniuliza oili inashuka kwa muda gani. Nilipomwambia sielewi anazungumzia nini, akaweka jiko la mafuta ya taa juu ya kaunta yangu na kuniagiza maji ya kuchemsha.

Huyo ndiye Fundi. Jina analo, na watu wa mtaani kwake Lipangalala wanalijua, lakini mimi sijawahi kumwita kwa jina na sitaanza leo. Nyuma ya mgongo wake walimwita Fundi wa Ndege, wakacheka hadi wakashika mbavu. Mbele yake walisema shikamoo Fundi na kumkabidhi mashine zao mbovu, kwa sababu kwa mashine za kukoboa hakuna aliyemfikia. Nami nilicheka, nisijifanye mwema. Mtu mzima anajenga ndege uani, kati ya banda la kuku na mapipa ya maji ya mkewe, wewe ungefanyaje?

Ndege yenyewe niliiona mara ya kwanza nilipompelekea chujio la oili. Ilikuwa mifupa mitupu: mabomba ya alumini, na mbavu za mabawa zilizochongwa kwa mbao za misonobari alizozifuata mwenyewe Uchindile, akizikagua ubao mmoja mmoja, akizigonga kwa kidole na kuzisikiliza. Kiti kilitoka kwenye basi lililokufa. Kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, na siku hiyo alikuwa amekaa kuku. Mkewe alikuwa ameanika dagaa juu ya bawa. Nilidhani Fundi atagomba, kumbe alichokataa ni chumvi. Alimwomba bibi aanike dagaa wasio na chumvi, maana chumvi inakula alumini.

Injini ilikuwa na kisa chake. Kuna mtu alikuja mjini na gari dogo la Kijapani, la kifahari, likamzimikia hapa. Mafundi wetu wakalifungua. Wakatafuta pistoni, hawakuziona. Wakatafuta vali, hawakuziona. Wakafunga, wakamwambia mwenye gari kwamba ameibiwa vifaa huko alikonunulia, na mwenye gari akaamini. Fundi alikwenda kuangalia, akarudi kwake bila kusema neno, na wiki ile ile akabadilishana injini ile na pawatila yake, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimlimia shamba. Mkewe hakusema naye kwa muda. Mimi nilipata habari dukani, na nikasema mzee huyu sasa kweli amechanganyikiwa.

Yeye ndiye aliyenieleza, na alieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyempata shuleni. Injini ile haina pistoni inayopanda na kushuka. Ndani mna vipande viwili vya chuma vyenye pembe tatu, vinazunguka tu, na kila pembe ina kizibo chembamba cha chuma kinachokwaruza ukuta wa chumba. Injini nyingine hupozwa na maji. Hii maji inayo, lakini vile vipande vinavyozunguka hupozwa na oili inayopita tumboni mwao, na oili kidogo huungua pamoja na petroli ili kulainisha vizibo. Kwa hiyo oili ndiyo kila kitu. Ikiwa nyepesi mno, joto linaigeuza maji na vyuma vinasagana. Ikiwa nzito mno, haifiki inapotakiwa, na chuma kinaungua huku oili imejaa tele mlangoni.

"Gari likipanda mlima litapumzika kwenye mteremko," aliniambia. "Ndege haina mteremko, Mama Zuhura. Ikishaondoka inabeba mzigo mpaka itue. Na joto la Ifakara unalijua mwenyewe."

Na injini ilikuwa hiyo moja. Bonde zima hapakuwa na nyingine, wala kizibo kimoja cha akiba. Akikosea oili mara moja tu, basi miaka yote ya kuchonga na kushona imekwenda, na umri wa kuanza upya hana. Hilo alilijua tangu siku ya kwanza na hakulificha. Watu walidhani anaogopa kuanguka. Alichoogopa ni oili.

Ukitaka kujua kwa nini alitaka kuruka, usimuulize mambo ya ndoto. Nilimuuliza mimi, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Zamani alikuwa fundi wa pantoni pale Kivukoni, miaka mingi, kabla ya daraja. Watu, mbuzi, malori, maiti, wote walivuka mto Kilombero kwa injini aliyoishika kwa mikono yake. Daraja lilipofunguliwa watu walipiga vigelegele, naye akapiga makofi pamoja nao, akarudi nyumbani hana kazi. Hakulichukia daraja. Alipita juu yake kama sisi sote, kwenda misibani upande wa Ulanga kwa ndugu zake. Ila alisema anataka kuuvuka mto ule kwa injini yake mwenyewe, mara moja tu, ng'ambo na kurudi, halafu kuku wakae humo mpaka wazeeke.

Sasa nieleze upimaji wake, maana hapo ndipo mimi nilipoingia.

Alikuwa na kipande cha bomba la kioo, kile cha kuangalizia kiwango cha dizeli kwenye mashine za zamani, na golori moja ya chuma iliyokaribia kujaa ndani yake, ikaacha upenyo mdogo wa kupita oili. Alijaza oili kwenye kioo, akakitumbukiza kioo kwenye maji yanayochemka, akangoja joto liingie sawasawa. Halafu alidondosha golori na kuanza: Salamu Maria. Kwa sauti, kwa mwendo uleule, hapandi hashuki. Golori ilishuka polepole ikisukuma oili pembeni, na neno alilolifikia golori ilipogusa chini ndilo lililokuwa kipimo cha oili ile. Mwanzoni kabisa aliwasha injini akiwa na oili ya twenti-fifti, ile inayobaki nzito kiasi hata kwenye joto, na injini ikakaa vizuri, haikupandisha joto. Kwa oili ile golori iligusa chini kwenye maneno Mama wa Mungu, mwanzoni mwa nusu ya pili ya sala. Hapo ndipo alipoweka alama. Oili yoyote nitakayomuuzia ilipaswa kufika Mama wa Mungu, si kabla, si baada.

Kila mzigo mpya ulipoingia alikuja kupima. Oili bandia ni nyingi siku hizi, dumu zuri na ndani uchafu, hivyo sikumlaumu. Ila nilimuuliza kwa nini asitumie saa.

"Saa inakwisha betri," alisema. "Simu inaita katikati. Kule kwenye pantoni hata plagi tulizipasha kwa sala. Salamu Maria mbili, unapiga stata, inawaka."

Wateja walisimama kimya akiwa anapima, maana nani atamkatiza mtu anayesali? Kijana mmoja wa bodaboda aliingia mbio, akasikia, akavua kofia yake ngumu na kuniuliza kwa kunong'ona ni nani amefariki. Mkewe Fundi alinilalamikia kwamba nyumbani mzee hasali tena. Akimwambia jioni wasali pamoja, anajibu kwamba leo ameshasali kwa Mama Zuhura. Na mimi ni Mwislamu, binti wa Waislamu, na Salamu Maria naijua yote, kwa sababu ya oili. Nilikuwa nikimfuatisha moyoni bila kutaka, kama unavyofuatisha tangazo la redio.

Kwa oili ya injini yake alikuwa hivyo. Kwa mashine za watu alikuwa mtu mwingine. Nimemwona akimimina kwenye mashine ya kukoboa oili iliyokwishatumika, nyeusi tititi, aliyoichuja kwa kitambaa cha shati. Nilipomsuta alisema mashine ile ni punda, na punda hanywi maziwa. Aliogopa urefu pia. Bati la nyumba yake likivuja, aliyepanda ngazi ni mkewe, yeye akishika chini na kufumba macho. Watu walimcheka: mjenga ndege anaogopa ngazi! Aliwajibu, "Ngazi haina injini," na akaona amemaliza.

Hakupenda sifa, na hakupenda maneno mazuri yasiyo na kazi. Mtu akisema oili ni damu ya injini, alikasirika. "Damu haiungui. Oili inaungua. Semeni kitu kilivyo." Kanisani alikaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya matangazo. Akikasirika sana alitukana kwa Kipogoro, kwa sauti ya chini, halafu akaomba radhi kwa Kiswahili. Chai alikunywa baridi kwa sababu aliisahau. Alikuwa na tabia moja iliyonichosha, ya kugusa kila kitu kabla ya kukijibu: ukimuuliza kuhusu beringi ataomba beringi, ataizungusha sikioni, ndipo aseme.

Neno lake moja nimelishika kuliko mengine yote. Siku moja dereva wa trekta alijisifu kwamba baada ya kuweka oili nzito mshale wa presha umepanda, injini sasa ina nguvu. Fundi alimsikiliza, akamwambia, "Presha siyo oili, mwanangu. Presha ni oili inayokataa kupita. Mlango ukiwa mdogo watu wanabanana, lakini walioingia ndani ni wangapi?" Dereva hakuelewa. Mimi nilielewa, na nilijiona mjanja.

Mambo yalianza kuharibika masika mawili yaliyopita. Niliingiza mzigo wa twenti-fifti kutoka kwa mtu yuleyule ninayemwamini. Fundi akaja, akapima, na golori ikagusa chini kabla hajafika Mama wa Mungu. Hata nusu ya pili ya sala alikuwa hajaianza. Akarudia mara tatu. Akaniangalia kwa huzuni.

"Mama Zuhura, wamekuuzia maji."

Niliona aibu. Nilimpigia simu msambazaji wangu, nikamtolea maneno ambayo mpaka leo najutia, na mzigo uliofuata ulikuwa hivyohivyo. Na uliofuata. Fundi akasema sasa viwanda vyote vinachanganya, dunia nzima imekubaliana kuuza oili nyepesi. Alikuwa na hasira kila alipokuja. Mimi nilimwamini, kwa sababu oili bandia naijua na Fundi namjua.

Kisha siku moja, tukiwa tumesimama pale, yeye anasali na mimi namfuatisha moyoni kama kawaida, nikajikuta nimefika amina. Nikamsikiliza. Yeye alikuwa bado anamsalimu Maria. Alikuwa akivuta kila neno, akipumzika katikati, akimeza mate, na uso wake haukuonyesha kabisa kwamba anajua. Kwake yeye mwendo ulikuwa uleule wa miaka yote.

Alipoondoka nilitafuta chupa ndogo aliyoiacha rafuni kwangu zamani, ya ile oili yake ya kwanza iliyopita mtihani. Niliazima kioo na golori aliporudi kesho yake, nikamdanganya kwamba naviosha, nikachemsha maji mwenyewe, nikapima chupa ile ya zamani na oili mpya, kwa simu, sekunde kwa sekunde. Zilikuwa sawa. Oili haikuwa imebadilika hata tone. Aliyebadilika ni yeye.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikalia. Sikulia kwa sababu ya ndege. Nililia kwa sababu nilijua sitamwambia.

Utasema kuna ugumu gani. Jiweke mahali pangu. Mimi ni mwanamke, mdogo kwake kwa umri, ninayemwamkia shikamoo asubuhi. Mimi ni Mwislamu. Nimwambie mzee Mkatoliki kwamba sala yake ina kasoro? Kwamba Salamu Maria yako, Fundi, haitoki tena kama zamani? Nilijaribu mara nyingi. Nilimwambia, tuseme, tujaribu na simu leo, kwa mchezo tu. Akasema simu si ya kuchezea na oili. Nilimwambia mkewe, kwa kuzungukazunguka, kwamba mzee anaonekana mchovu. Bibi akasema ndiyo, hata yeye ameona, na tukabadilisha mazungumzo. Kila mtu aliona kitu na kila mtu akakificha kwa adabu. Hiyo ndiyo heshima yetu, na siku hizi nikiifikiria inanitia uchungu.

Akaanza kupanda. Alichukua oili namba hamsini, golori ikawahi. Nikasema moyoni, inatosha, namba hamsini haitaua mtu. Akarudi. Safari hii akataka oili ya gia, namba mia na arobaini, ile nzito ya trekta inayotoka kwenye dumu kama uji uliopoa. Akaichanganya na twenti-fifti pale pale juu ya kaunta yangu, kijiko kwa kijiko, akipima kila mara, akisali kila mara, mpaka golori ikagusa chini kwenye Mama wa Mungu.

Alitabasamu. Sikuwa nimeona meno yake kwa muda mrefu.

"Hii hapa," alisema. "Hii ndiyo oili yenyewe. Nifungie."

Nilimfungia. Kwa mikono yangu hii nilipima mchanganyiko ule, nikamjazia madumu mawili, nikafuta midomo ya madumu kwa kitambaa. Hata nilimsaidia kuyapakia kwenye bajaji. Nilijiambia kwamba yeye ndiye fundi na mimi ni muuza duka, na kwamba ndege ile hata ikipata oili ya mbinguni haitaruka. Hilo la pili nilikuwa naliamini kweli, na sidhani kama linanisaidia.

Aliwasha kiangazi, mpunga ulipokuwa umeshavunwa. Hakutaka kuruka siku hiyo. Alitaka kuisikia ikivuta kwa nguvu zote kwa muda wa kutosha kuvuka mto na kurudi, ikiwa imefungwa kwa mnyororo kwenye kisiki cha mtiki. Tulikuwa majirani wachache, mkewe, na mimi. Nilifunga duka kwenda. Kama ningebaki dukani ningekuwa mnafiki zaidi.

Iliwaka mara ya tatu. Sauti yake si ya injini ya kawaida, haina mapigo, ni mvumo mmoja mrefu. Panga la ndege, lile la puani, likawa duara la ukungu, majani makavu ya mtiki yakaruka, kuku wakakimbia, na mnyororo ukakaza. Kwa dakika kadhaa, naapa, kila mtu pale aliamini. Hata mimi. Jirani mmoja aliyekuwa akimcheka miaka yote alivua kofia na kuishika kifuani. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha basi, kichwa wazi, akiangalia mishale yake. Akainua mkono akatupigia kelele tumsikie.

"Presha hiyo! Mnaiona presha? Haijawahi kuwa hivi!"

Nikakumbuka yule dereva wa trekta. Nikamwangalia Fundi usoni nione kama na yeye anakumbuka. Hakukumbuka. Alikuwa akiucheka mshale kwa furaha, mtu aliyetufundisha sote mshale ule maana yake ni nini. Nilipiga hatua mbili kwenda mbele, mkono wangu umeinuka, na neno zima likiwa mdomoni. Zima, Fundi. Nikasimama. Palikuwa na watu.

Mvumo ukabadilika kwanza, ukawa mkavu. Halafu kukatoka mkwaruzo, mkali, meno yakatusisimka, na panga likasimama ghafla kana kwamba limeshikwa. Pua ya ndege ikapiga chini na kuinuka. Moshi wenye harufu ya oili iliyoungua ukatuingia machoni. Fundi alishuka kwa kushika bomba, akazunguka mbele, akaweka kiganja juu ya injini na kukiondoa haraka. Kisha akaniangalia mimi.

"Nilijua," alisema. "Bado ilikuwa nyepesi."

Miezi ilipita. Hakuja dukani. Habari zake nilizipata kwa wenye mashine, na zilikuwa habari mbaya za aina nyingine. Walimwita kufunga puli kwenye mashine moja, akasahau kukaza nati mbili, mkanda ukaruka nusura ukate mkono wa mtu. Wakakaa wakakubaliana wasimwite tena kwa matengenezo. Wamemchukua kijana mmoja mwenye boksi la spana jipya, na wakaniomba na mimi, kwa upole kabisa, nisimwambie mzee, ataumia. Siku nyingine humwita kwa kazi isiyo na hatari, kupaka grisi, kusafisha chujio, ili asigundue. Hawa ndio watu wema.

Masika haya nilishindwa kulala na jambo langu, nikaamua kwenda. Nilichukua ile chupa ndogo ya oili ya kwanza, dumu la mpya, na simu yangu. Nilimkuta barazani, mvua ikinyesha, injini ameifungua na kuipanga juu ya meza ya chakula. Vile vipande vya pembe tatu vilikuwa na rangi ya buluu ya chuma kilichoungua, na vizibo vilikuwa vimekwisha. Mkewe alinipa kiti, akaingia ndani. Uani, ndege ilikuwa imefunikwa turubai na maji yalikuwa yamejikusanya katikati.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba mama. Umenisusa."

"Wewe ndiye umenisusa."

Alicheka kidogo. Akaniambia kazi ni chache siku hizi. "Mashine zangu haziharibiki tena. Nilizifunga vizuri mno, sasa zimeninyima kazi." Alisema kwa fahari. Nikaangalia mvua.

Kisha nikamwambia. Sikuzunguka. Nilimwambia oili haikuwa nyepesi, ilikuwa nzito, na kwamba tangu masika mawili yaliyopita anasali taratibu kuliko zamani. Alinikazia macho bila hasira. Akainuka akaleta kioo, golori na jiko. Tukachemsha maji. Nilidondosha golori kwenye oili ya chupa ya zamani, yeye akasali, mimi nikashika simu. Tukarudia kwa oili mpya. Neno lilikuwa moja, sekunde zilikuwa moja, na kwa zote mbili alikuwa mbali sana na Mama wa Mungu. Nikamwomba aniruhusu nisali mimi, kwa mwendo wake wa zamani ninaoukumbuka. Nikasali. Golori ikagusa chini palepale alipopaweka alama miaka ile.

Alikaa. Akaweka mikono juu ya magoti.

"Mbona mimi najisikia nasali vilevile," alisema.

Nilizima jiko.

"Ulijua kabla sijaiwasha?"

"Nilijua, Fundi."

"Ulijua ukinifungia?"

"Nilijua."

Nilitaka anitukane. Kwa Kipogoro, kwa Kiswahili, kwa vyovyote. Alichukua kizibo kimoja kilichoungua, akakigeuzageuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake.

"Oili ile ilikuwa nzuri," alisema. "Ile ya kwanza kabisa. Ningeyavuka yale maji."

"Ungevuka."

Mvua ilipungua, na ndani nikamsikia mkewe akikohoa, najua alikuwa akisikiliza. Fundi alinigeukia mwili mzima, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea njia akiwa mtaani kwake. Hofu ile sikuwahi kuiona kwake, hata chini ya ngazi.

"Mama Zuhura," alisema, "hili sikulisikia mwenyewe. Sasa niambie. Kuna jingine? Jingine mnaloliona ninyi na mimi silioni?"

Nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo hasa, kusema kweli. Nilikuwa na nati mbili mdomoni, na mkanda, na mkono wa yule mtu, na wenye mashine wote na upole wao. Mkewe aliacha kukohoa.

"Hapana, Fundi," nikasema. "Hakuna jingine."

Alikirudisha kizibo mezani.

"Basi afadhali," alisema. "Kama ni hilo moja tu." Akavuta taa karibu, akaanza kuvipangusa vile vipande vya chuma kimoja kimoja, akiniambia kwamba mashine zikianza kuharibika tena, nao wakimwita, kwa pesa hiyo atatafuta vizibo vingine.